Mazoea Hajui Mwisho wa Tamthiliya

Swali: Shikamoo Mwalimu. Ninafundisha Kiswahili Kidato cha Tatu katika shule ya kata huku Mbagala. Mkondo wangu mmoja una wanafunzi 82. Tulipomaliza kusoma Ngoswe: Penzi Kitovu cha Uzembe niliwapa zoezi: "Chagua mhusika mmoja, andika kwa nafsi yake yaliyomkuta." Karibu wote wameandika muhtasari wa tamthiliya. Wamebadilisha "yeye" kuwa "mimi" na mwishoni wakaweka funzo. Binti mmoja ameandika sentensi moja tu: "Mimi Mazoea sina la kusema." Nimempa sifuri. Nifanyeje ili waandike kama wahusika kweli? Na je, zoezi hili linawasaidia chochote kwenye mtihani wa taifa, au ninawapotezea muda?

Jibu:

Marahaba, mwalimu. Pole na madaftari 82. Uzito wake naujua, maana nimeyabeba kwenye daladala miaka mingi, yamefungwa kwa kanga, nikisahihisha mawili matatu foleni ikisimama. Yule binti uliyempa sifuri nitamfikia mwishoni. Kwa sasa usimrudishie daftari.

Kwa msomaji ambaye hajakisoma kitabu: ni tamthiliya ya Edwin Semzaba. Ngoswe, karani wa sensa, anakwenda kijijini kuhesabu watu. Anampenda Mazoea, binti wa Mzee Ngengemkeni Mitomingi, kazi inawekwa pembeni, binti anatoroshwa, na mzee kwa hasira anazichoma karatasi za takwimu.

Wanafunzi wako si wavivu. Wamefanya tulichowazoesha tangu Kidato cha Kwanza: taja mhusika, taja sifa zake, toa funzo. Madesa ya uchambuzi wanayopeana yanafanya hivyo hivyo. Ukimwambia mtoto aliyelelewa namna hiyo "sasa uwe Ngoswe", atachukua desa lile lile na kubadilisha nafsi. Nina hakika kati ya madaftari yako limo lenye aya ya namna hii:

"Mimi naitwa Ngoswe. Mimi ni karani wa sensa. Nilifika kijijini nikampenda Mazoea. Kwa sababu ya uzembe wangu karatasi zilichomwa na serikali ikapata hasara. Nawashauri vijana waepuke mapenzi kazini."

Hebu tuitazame aya hii polepole. Huyu Ngoswe anasema akiwa wapi, na lini? Kijijini? Miaka kumi baadaye? Na hilo neno "uzembe" kalitoa wapi? Ni neno la jalada la kitabu, na ni neno letu walimu. Mtu aliye ndani ya uzembe hauoni uzembe wake. Anachokiona yeye ni kesho. Ngoswe akiwa amekaa na Mazoea, kichwani mwake anasema: nyumba zilizobaki ni chache, kesho nitaamka mapema, jua la leo lenyewe kali. Mwanafunzi akiandika sentensi tatu za namna hiyo, neno uzembe halihitaji kutajwa popote, na msomaji atauona wote.

Kosa lenyewe ndilo hilo, na mengine mengi yanatokana nalo: mwanafunzi anajua mwisho wa hadithi, mhusika hajui. Mwanafunzi amekwisha kuona karatasi zinaungua. Ngoswe bado hajaziona. Kwa hiyo zoezi la "andika yaliyomkuta" lina kasoro tangu kwenye swali, mwalimu wangu, na nakuambia hivi kwa upendo kwa sababu nami nimelitoa mara nyingi. "Yaliyomkuta" maana yake ni hadithi nzima, na ukiomba hadithi nzima utaletewa muhtasari. Omba dakika moja. Badala ya "andika kama Mzee Mitomingi", andika ubaoni: "Wewe ni Mzee Mitomingi. Umekwisha kujua binti yako katoroshwa. Karatasi za karani ziko mbele yako. Moto bado haujawashwa." Hapo mwanafunzi hana pa kukimbilia.

Kisha, kabla hawajashika kalamu, waulize mambo mawili: saa hiyo mzee anajua nini, na nini hajui? Yaandikwe ubaoni. Anajua kadhalilishwa, mgeni aliyepokewa vizuri kamgeuka. Watakachokuwa hawajakiwaza ni upande wa pili: hajui serikali itazifanyia nini karatasi zile, hajui kama kuzichoma kutamrudishia mtoto. Ubao ukijaa upande wa "hajui", maandishi yatakuwa mazuri.

Kuna neno moja la Kiswahili linalofundisha haya kuliko maelezo yote ya mbinu za usimulizi, nalo ni "kumbe". Huwezi kusema kumbe kwa jambo ulilokuwa unalijua. Kila mwanafunzi awe na "kumbe" moja tu katika andiko lake, na aweze kunionyesha ni wapi mhusika wake alitoka kutojua akaingia kujua. Dada yake ni "eti". Nikisema "eti alikuja kutuhesabu", nimekwisha kukuambia kwamba siamini, wala sikuhitaji kutamka "siamini". Mwanafunzi wangu mmoja wa zamani, kijana mkimya wa kukaa nyuma, aliwahi kumwandikia Mitomingi hivi: "Eti bwana karani kaja kutuhesabu. Katuhesabu, kisha kaondoka na mmoja." Sentensi mbili. Mpaka leo sijapata uchambuzi wa tabia ya mzee yule ulionikaa kichwani kama sentensi hizo.

Utaona kijana aliandika "kaja", "katuhesabu", si "amekuja" wala "ametuhesabu". Katika insha ya kawaida ningepitisha kalamu nyekundu. Hapa ni sahihi, kwa sababu ndivyo mzee aliyekasirika anavyosema mbele ya wenzake. Wanafunzi wanaogopa kuandika Kiswahili cha mdomoni kwa sababu tumewafundisha kwamba ni makosa, na matokeo yake mzee wa kijijini anaandikiwa "niliathirika sana kisaikolojia". Mzee Mitomingi hana neno hilo. Ana mikono, ana koo lililokauka, ana kiberiti. Mwambie mwanafunzi asiandike kwamba mzee ana hasira. Aandike kwamba alikitafuta kiberiti mara tatu kumbe amekishika mkononi.

Sasa, usianze na kitabu. Anza na konda.

Nasema hivi kwa uzoefu. Watoto wa Mbagala wanajua kusimama kituoni alfajiri, sare imenyooshwa, daladala linapita limejaa nusu, konda anawaangalia na kugonga bodi gari liondoke. Wape kipindi kimoja cha dakika 40. Dakika kumi za kwanza waandike kwa nafsi yao wenyewe: leo asubuhi, Rangi Tatu, konda kakuacha. Wataandika kwa moto. Hata wale wasioandika kitu hujaza ukurasa. Halafu waambie wageuze karatasi: sasa wewe ndiye konda yule yule, asubuhi ile ile, na unamwona mtoto mwenye sare kituoni.

Wengi wataanza kwa "Mimi ni konda, nina tabia mbaya ya kuwanyanyasa wanafunzi." Wasimamishe hapo. Uliza darasa: kuna konda anayeamka asubuhi akajiita mnyanyasaji? Kisha waulize, taratibu, moja moja. Hesabu ya bosi ni kiasi gani kwa siku? Isipotimia, gari kesho anapewa nani? Mwanafunzi analipa nauli gani, na mtu mzima analipa ngapi kwa siti ile ile? Mkono wa kulia wa konda umeshika nini? Wao wenyewe watakujibu, maana wanaishi nyumba moja na makonda. Kaka zao ni makonda. Ukiwaruhusu waandike upya, utasikia sauti inabadilika: "Denti wawili tu! Nimesema wawili, wewe shuka. Suka, twende!" Darasa litacheka kwa kuitambua sauti, na kicheko hicho ni ushahidi kwamba wameshaelewa jambo ambalo ukilieleza kwa istilahi watalisahau kabla ya kengele.

Na angalia: hakuna aliyelazimishwa kumsamehe konda. Yule mtoto aliyeachwa kituoni bado aliachwa, na bado ni haki yake kukasirika. Kuandika kwa nafsi ya mtu si kumtetea. Hili ulirudie mara kwa mara, hasa utakapofika kwa wahusika wenye mambo machafu, maana wapo watoto wacha Mungu wanaoona kwamba kusema "mimi" kwa niaba ya mwovu ni dhambi. Waambie kwamba hata anayesimulia hadithi ya fisi na sungura hutoa sauti ya fisi.

Konda akishaeleweka, rudini kwa Ngoswe, na mkirudi msianze na mapenzi. Anzeni na karatasi.

Watoto wetu hawaelewi ni kwa nini kuchomwa kwa karatasi ni msiba. Sensa wanayoikumbuka ni ile ya Agosti 2022, walipokuwa shule ya msingi. Karani alikuja na kishikwambi, akauliza nani walilala humu usiku wa kuamkia tarehe 23, akabonyeza, akaondoka. Vishikwambi vile baadaye walikuja kugawiwa walimu, huenda hata wewe unacho. Kwa mtoto huyu, karatasi ikiungua, si ipo nakala mahali? Hapana, haipo. Kwa hiyo kabla ya kuwa Ngoswe, mtoto lazima azibebe karatasi zenyewe.

Fanya hivi. Chagua wanafunzi wanne wawe makarani. Wapite dawati kwa dawati wakiandika kwa mkono, kwenye karatasi ya mistari: jina, umri, idadi ya watu wanaolala nyumbani kwao. Usiwasaidie. Watachoka. Wataulizwa maswali ya kijinga, wataandika jina vibaya wafute, mmoja atabishana na mwenzake kama mjomba aliyesafiri naye ahesabiwe. Kwa mkondo wa watu 82 kipindi chote kitakwisha. Mwisho wa kipindi zikusanye karatasi zile, zikunje, zitie kwenye mkoba wako, useme: "Zimeungua." Usieleze. Waache watoke hivyo hivyo. Kesho yake utamwona kati ya wale wanne ambaye hajafurahi kabisa, na huyo ndiye atakayekuandikia Ngoswe wa kweli, na huenda akakuandikia pia mkuu wa kazi aliyemtuma Ngoswe, mtu ambaye hakuna mwanafunzi anayemkumbuka. Ukitaka kuwapa ukubwa wa jambo, waambie kwamba mwaka 2022 mkoa wa Dar es Salaam peke yake ulihesabiwa watu 5,383,728. Nyuma ya namba hiyo kuna milango iliyobishwa hodi, mmoja baada ya mwingine.

Halafu waulize karatasi zile ni kitu gani kwa kila mhusika. Kwa Ngoswe ni kazi na mshahara, na jina lake mbele ya waliomtuma. Kwa Mzee Mitomingi ni mali ya mtu aliyemwibia mtoto. Mwizi kakimbia, mali yake iko mkononi. Kwa Mazoea? Hapa nyamaza kidogo, kisha uliza: je, jina la Mazoea limo kwenye zile karatasi? Karani aliyehesabu kaya ile angeliandika kwa mkono wake: jina, jinsi, umri. Mkono ule ule. Nimeliuliza swali hili kwenye madarasa mengi na sijawahi kukuta darasa lisilotulia. Kitu kimoja, macho matatu. Mtoto akishaona hivyo hatakuandikia tena muhtasari, kwa sababu muhtasari unaziona karatasi kwa jicho moja tu, la mwalimu.

Faida nyingine ya kitabu hiki ni kwamba ni tamthiliya. Hakina msimulizi maizi wa kutuingiza moyoni mwa watu. Tunachopata ni maneno yao na vitendo vyao. Mengi yamebaki nyuma ya jukwaa, kati ya onyesho na onyesho, na pale ndipo mwanafunzi ana nafasi. Mkifika kwenye riwaya, ambako mara nyingi msimulizi ameshasema mhusika mkuu anawaza nini, wapeleke kwa watu wa pembeni: mama, jirani, mke mwenza, mpita njia.

Nafasi haimaanishi uhuru wa kubuni chochote. Ninatumia swali moja tu: "Umeona wapi?" Kila mwanafunzi apigie mstari kitabuni sehemu mbili au tatu zilizompa haki ya kuandika alivyoandika. Kiberiti kilichopotea mkononi hakimo kitabuni, lakini kitabu hakikikatai. Mzee Mitomingi anayekaa chini na kumwandikia Ngoswe barua ya kumshukuru, huyo kitabu kinamkataa. Mwanafunzi anayeweza kueleza tofauti ya hayo mawili ameshakielewa kitabu.

Na hilo ndilo jibu langu kuhusu mtihani. Nisikudanganye: Baraza la Mitihani litamtaka aandike insha yenye hoja na mifano kutoka vitabuni, si kwa nafsi ya mzee wa kijijini. Usimwachie mtoto nusu njia. Siku inayofuata, ile aya ya "mimi" waigeuze kuwa hoja. Aliyeandika "kaondoka na mmoja" sasa aandike: "Mitomingi anazichoma karatasi si kwa sababu anaipinga sensa, bali kwa sababu ndicho kitu pekee cha Ngoswe alichoweza kukifikia." Linganisha na ile ya desa: "Mitomingi ni mtu mwenye hasira." Msahihishaji anayesoma mamia ya vitabu vya majibu atasimama kwenye ipi? Aliyekwisha kuwa mhusika kwa nusu saa hahangaiki kukariri sifa zake.

Niseme jambo moja zito, kwa sababu najua mtafika kwenye Takadini ya Ben Hanson, au mmekwisha kuisoma. Ni riwaya ya mtoto aliyezaliwa na ualbino, ambaye mama yake, Sekai, anakimbia naye ili asiuawe. Mwaka mmoja nilikuwa na mwanafunzi mwenye ualbino darasani, msomaji mzuri kweli, nami nikamchagua yeye awe Takadini. Niliona namheshimu. Alisoma vizuri, darasa likampigia makofi, na siku tatu zilizofuata hakuja shule. Aliporudi nilimwita pembeni nikamwomba anisamehe. Akaniambia, "Mwalimu, Takadini mimi niko kila siku. Nilitaka kuwa Makwati." Makwati ndiye baba wa Takadini, yule aliyebaki nyuma. Mtoto alitaka kujua baba anawaza nini. Nilimnyima kitu ambacho zoezi hili lipo kwa ajili yake, yaani kutoka ndani ya ngozi yako kidogo, na tangu siku hiyo sijawahi kumpangia mtoto mhusika kwa sababu anafanana naye. Aliyefiwa usimpe mhusika aliyefiwa. Aliyetelekezwa na baba usimpe mtoto wa mlevi. Akijichagulia mwenyewe ni jambo lingine, na hapo kaa naye karibu.

Kuhusu kusahihisha: usiombe ukurasa, omba nusu ukurasa, sentensi kumi na tano zisizidi. Kwanza wasomeane wawili wawili kwa sauti, kwa sababu sikio la mwenzake litamkamata mzee anayesema "kisaikolojia" haraka kuliko kalamu yako. Kisha angalia mambo machache tu: je, mhusika amebaki ndani ya anachokijua? Je, sauti ni yake? Je, mwandishi ameweza kujibu "umeona wapi"? Tahajia iache kwa siku nyingine. Na futa kabisa lile sharti la funzo mwishoni, kama ulikuwa umelisema. Kama hukulisema, basi sema waziwazi kwamba halitakiwi, la sivyo wataliweka.

Sasa binti yako.

"Mimi Mazoea sina la kusema." Katika wanafunzi 82, mwalimu, huyu ndiye pekee ambaye hakukupa muhtasari. Hakusema uzembe, hakuwashauri vijana. Alikaa mahali pa msichana ambaye wanaume wawili wanagombana juu yake, mmoja kamchukua na mwingine anachoma moto, akatazama huku na huku, na akasema alichokiona. Inawezekana alikuwa mvivu siku hiyo; sitaapa. Lakini hata kama ni uvivu, kalamu yake imeangukia mahali pa kweli, na huo ndio mwanzo bora kuliko kurasa nyingi ulizosahihisha.

Futa ile sifuri mbele yake, aione ikifutwa. Usimsifu sana, asije akaogopa kuendelea. Mpe daftari na muulize swali moja tu: Mazoea hana la kusema kwa nani? Kwa baba? Kwa mama yake, wakiwa peke yao jikoni? Kwa Ngoswe? Au kwa yule karani mwingine atakayekuja siku moja, apige hodi, afungue karatasi mpya na kumuuliza jina?

Mwache achague mmoja, na umpe dakika ishirini.